Fundo la Mkono wa Kushoto

Jumapili, 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama na mzigo umefika salama, ila yale mayai uliyonifungia katikati ya nguo hayakufika. Nguo nimezifua mara tatu na bado zinanuka.

Kidoti analala? Akiamka ananitafuta? Mimi maziwa bado yananijia, Mama. Hapa jirani kuna mtoto mchanga, akilia tu, gauni langu linalowa mbele kama nimemwagiwa.

Kazi ndiyo ileile aliyoiacha marehemu Baba Kidoti. Kituo cha mbegu wamenipa chumba chake, ndoo yake na koti lake la kazi. Koti nililikuta limening'inia msumarini ndani ya banda la vioo, kama vile amekwenda kunywa maji. Nimelivaa. Mikono inanipita, nimeikunja.

Ndani ya banda kuna joto kama pumzi ya mtu. Kila asubuhi natafuta maua ya maharage yaliyofunguka siku hiyo, nafunga uzi kwenye kikonyo. Kila siku na rangi yake, Jumatatu nyekundu, Jumanne nyeupe, inaendelea hivyo. Kwa uzi ule wanajua umri wa kila mbegu, kama sisi tunavyojua umri wa wanetu. Baadaye zinachumwa zikiwa bado changa, na Mtaalamu wetu anazikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu na kuvitazama kwa hadubini. Ni mwanamke mwenye miwani minene, anatafuna karanga kutwa nzima na kuniita "binti". Anatafuta mbegu inavyoweka akiba yake ya chakula. Sijaelewa bado. Nitaelewa.

Wamesema nikimaliza msimu huu vizuri nitaandikwa kazi ya kudumu, na wa kudumu wanaruhusiwa kukaa na watoto wao hapa kituoni. Ni msimu mmoja tu, Mama, halafu nije nimchukue.

Ameanza kusimama?

Mkweo,
Mama Kidoti


14 Machi

Mama Kidoti,

Marahaba. Mayai yanasafirishwa ndani ya unga. Nilikuambia, hukusikia, ulikuwa unalia.

Mtoto anakula. Analala na mimi, ananibana shingo mpaka nakosa pumzi. Maziwa yako yakamue umwage, yatakauka. Usiyaandike andike kwenye barua, aliyeniletea ni mwanamume wa watu na bahasha ilikuwa imefunguka.

Juzi mchana mlango wa uani ulifunguka wenyewe. Upepo haukuwepo, hata nguo kambani zilikuwa zimetulia. Yule mbwa unamjua, ananibwekea hata mimi ninayemlisha. Hakubweka. Kidoti akaacha kijiko chake, akatazama mlangoni, akacheka cheko lile la kumchekea mtu.

Sisemi kitu. Nakuambia nilichokiona.

Mama yako


29 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikiwa na jambo ambalo sikuwa na wa kumwambia.

Jumanne iliyopita niliingia bandani na uzi wangu mweupe. Nikaona ua limefunguka asubuhi ile ile, bado lina umande, na tayari limefungwa uzi mwekundu wa Jumatatu. Jumatatu nilipoondoka lile ua lilikuwa tumba, limejikunja. Nikasema labda nimesahau. Mbele yake la pili. Kwenye safu ya mwisho matatu.

Mama, niliinama nikatazama fundo. Unakumbuka vifurushi alivyokuwa akituletea, ulivyokuwa ukihangaika kuvifungua na kusema mtoto huyu anafunga kamba kama anaificha siri? Lile fundo la mkono wa kushoto, linalozunguka kinyume. Ndilo. Mimi siwezi kulifunga hata nikijaribu, nimejaribu.

Bandani tupo wachache. Mtaalamu hagusi mimea, anaogopa nyuki. Yuko mzee wa kumwagilia maji, wanamwita Mzee Bomba, haongei, anaburuta mpira wake wa maji huku akiimba puani. Sikumuuliza. Nilikaa chini kwenye ndoo, koti limenifunika magoti, nikawa nanusa kola yake.

Siogopi. Nikikuambia naogopa nitakuwa nakudanganya. Niliona kama kuna mtu anayejua kwamba nipo.

Mtaalamu leo amenionyesha kwenye hadubini. Mbegu ikiwa changa kabisa, kila chumba kidogo ndani yake, wanakiita seli, kina mfuko mmoja mkubwa wa maji, umejaa chumba chote. Ikikua, badala ya ule mmoja unakuta vifuko vingi vidogo vimejaa protini, vimebanana kama punje za mahindi. Hiyo ndiyo akiba. Siku mbegu itakapoota haina mizizi wala jani, inakula humo. Akaniambia, "Binti, mama yake mmea ameshamfungia kila kitu kabla hajaachana naye." Nikaenda chooni nikalia kidogo, kisha nikarudi.

Hukunijibu kama Kidoti anasimama.

Mama Kidoti


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usiukate. Nakuomba usiukate uzi wa mwanangu hata mmoja. Na usimwambie mtu, watu wa hadubini wataleta dawa ya kupulizia.

Huku anakuja. Sasa sisemi mlango, nasema yeye. Anasimama pale pale alipokuwa akisimama akitoka safari, anaweka mkono kwenye fremu. Haingii. Namwambia ingia, unaleta mbu. Wala.

Kidoti mzima. Ametulia sana, tofauti na alivyokuwa mlipokuwa naye. Hata usiku hastuki.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijaukata hata mmoja. Sijui nilivyoacha ni vizuri au vibaya, ila nimeacha.

Ngoja nikueleze. Mbegu zake na zangu zimechumwa pamoja, rangi kwa rangi. Penye uzi mwekundu nimeweka zote kwenye chupa moja, zake na zangu, kama tulivyokuwa tukiweka nguo zetu kwenye sanduku moja. Asubuhi nikiingia namsalimia. Namwambia leo Mtaalamu kanisifu, leo nimekula ugali wa jana, leo nimemuota Kidoti ana meno ya mbele. Natafuta ua lake la siku hiyo, nikilipata kazi inakuwa nyepesi.

Sasa kumeharibika. Mtaalamu anataka kujua jambo moja tu, na ndilo linalomkosesha usingizi. Ule mfuko mkubwa wa zamani ndio unaojigawa ukawa vifuko vidogo? Au vifuko vipya vinazaliwa pembeni yake, na wa zamani unapotea? Mabadiliko yenyewe yanapita upesi, siku moja ni nyingi. Na picha zake hazipatani. Mbegu mbili za chupa moja, za umri mmoja, moja mfuko bado mzima na nyingine umeshabadilika. Amezipanga ukutani, anazitazama, karanga ameziacha.

Jana ameniita. Hakunigombeza. Alivua miwani akasema, "Binti, una uhakika na nyuzi zako?" Nikasema nina uhakika na za kwangu. Akanitazama. Akasema zisipopatana mpaka mwisho wa msimu atalazimika kutafuta mtu mwingine.

Mama, nikimwambia, atazikata nyuzi za Baba Kidoti. Nisipomwambia, nafukuzwa na Kidoti simpati. Muulize akija. Wewe unamwona, mimi naona uzi tu. Muulize anataka nifanye nini.

Mama Kidoti


13 Mei

Mwanangu,

Nimemuuliza. Alikuja Jumamosi, nikiwa nachambua mchele, Kidoti amelala miguuni pangu.

Nikamwambia mkeo ana shida huko. Akasema, "Mtoto asitolewe hapa." Ni hayo tu. Nikamuuliza hata mama yake akipata kazi ya kudumu? Akasema mtoto asitolewe.

Usinichukie mimi, mimi nimetumwa. Huko kuna vyumba vya watu wengi, kikohozi, nyuki. Hapa ana ua wa kuchezea na ana mimi. Wewe bado mdogo, utaolewa, utazaa wengine. Mwanangu hazai tena.

Kuhusu nyuzi hakusema.

Mama yako


21 Mei

Mama,

Shikamoo.

Kama ndivyo alivyosema, basi. Sikuwahi kumpinga akiwa hai.

Kitanda nilichokuwa nimeazima kwa mpishi wa kituo, kile kipana ili Kidoti asianguke, nitakirudisha. Pazia nimelishona tayari, hilo litabaki.

Nakuomba jioni umwambie mama yako yupo. Usimwambie lini nakuja. Sema yupo tu.

Mama Kidoti


11 Juni

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujasoma.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilitoka kazini, nikafika chumbani nikakumbuka mkasi nimeusahau bandani. Nikarudi. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Nikachungulia kwenye kioo, nikamwona.

Alikuwa amenipa mgongo. Koti lake amelivaa, lile nililoliacha msumarini. Ameinama safu ya mwisho, viwiko vimetoka nje kama alivyokuwa akiinama kuvaa viatu. Anafunga uzi. Nilitaka kukimbia niende kwake na nilitaka kukimbia nitoke, vyote pamoja. Nikasukuma mlango nikaita, "Baba Kidoti."

Akageuka. Alikuwa Mzee Bomba.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema amevaa koti kwa sababu ya baridi. Ndani ya banda lile, Mama, ambamo hata mshumaa unalegea. Mimi nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, mpaka akaniwekea ndoo nikakaa. Ndipo akasema maneno mengi kuliko niliyomsikia tangu nije.

Baba Kidoti alipoanza kuumwa hakutaka wajue. Asubuhi alikuwa hawezi kusimama. Akamwomba Mzee Bomba amsaidie, jioni akimaliza kumwagilia afunge yale matumba yaliyovimba, yatakayofunguka kesho, ili kazi ionekane imefanyika. Akamfundisha kufunga, naye akajifunza fundo la mkono wa kushoto akidhani ndivyo nyuzi zinavyofungwa. Rangi anayoikuta mezani ni ya siku ile, kwa hiyo ua la Jumanne linapata nyekundu. Mwenzake akafa, yeye hakuacha. Kila jioni anafunga machache. Nikamuuliza kwa nini na mimi nipo? Akasema, "Mwanangu, nikiacha ndiyo nitakuwa nimemzika. Ninyi mlimzika, mimi nilikuwa zamu."

Sikuweza kumlaumu. Nilimfunga vifungo vya koti, alikuwa amevipishanisha.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa Mtaalamu. Nilimwambia kila kitu, mpaka lile la kumsalimia marehemu kila siku. Nilidhani baada ya hapo nafunga mzigo niondoke. Akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo zenye fundo la kinyume zina upungufu wa siku moja?" Bahati nyuzi hufuatana na mbegu mpaka ndani ya chupa. Tulikaa watatu tukizitenga fundo kwa fundo, Mzee Bomba akizitambua zake kwa kidole bila kutazama. Mtaalamu akazipanga picha upya ukutani. Zimepatana. Zimefuatana kama ngazi. Kazi yangu ipo, ila nimeonywa, na Mzee Bomba ameambiwa akitaka kufunga nyuzi aje asubuhi kama watu wengine.

Sasa majibu tunayo. Katika maharage haya, mfuko wa zamani haujigawi. Kifuko kipya kinazaliwa pembeni, kidogo, kinakua, kinauzunguka ule wa zamani mpaka unakuwa ndani yake. Baada ya hapo ndipo kinajigawa vifuko vingi na kujaa. Nikamuuliza, na ule wa zamani unakwenda wapi? Akasema unamezwa, hauonekani tena. Alifurahi, alirudia karanga zake. Mimi nilikufikiria wewe, Mama. Nilikuona umekaa na ungo, na sisi wote tumekuzunguka, mmoja mmoja tunakula.

Lakini lazima niseme. Nilikubali mtoto abaki kwa kuwa baba yake alikuwa huku na huko, na nilikuwa na ushahidi wa huku. Huku hakuwa yeye. Hayupo, Mama. Nimelivaa koti leo, linanuka sabuni tu.

Ya huko sikuulizi. Ni nyumba yako na ni mwanao. Lakini namtaka mtoto wangu. Msimu unaisha mwisho wa mwezi. Kitanda sijakirudisha.

Mama Kidoti


24 Juni

Mama Kidoti,

Marahaba. Nilikaa chini kama ulivyosema. Niliinuka kesho yake.

Huyo mzee mpe salamu zangu. Mwambie mimi pia sikuwa tayari siku ile ya mazishi, na mimi nilikuwepo.

Jana alikuja tena. Safari hii aliingia. Alikaa kwenye kiti chake, hakugusa chai. Akasema mtoto aende kwa mama yake. Nilimbishia, unajua ninavyombishia. Nikamwambia juzi tu ulisema asitolewe, wewe ni mtu wa aina gani, maneno mawili mdomo mmoja. Akasema mama, nilisema nini? Nikamwambia ulisema asitolewe. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, nikimdanganya kuwa dawa si chungu.

Basi. Njoo umchukue.

Utamkuta anatembea. Usije ukasimama mlangoni ukashangaa ukamtisha, jifanye umezoea. Hanywi uji ukiwa wa moto wala wa baridi. Akilala lazima ashike kitu cha mtu, sikio au shingo, mzoeshe sikio, shingo inachosha. Mimi kila mtu ananiita Bibi, yeye ananiita Mama. Sikumfundisha. Usimkataze siku ya kwanza, atajua mwenyewe.

Nguo zake zipo kwenye sanduku. Hazijai nusu. Nimezipanga nikazipangua.

Mbwa amerudia kubweka.

Mama yako


Jumapili, 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda. Nimeandikwa kazi ya kudumu jana. Ijumaa nitakuwa hapo kabla ya chakula cha mchana, na nitajifanya nimezoea. Nimeanza kujizoeza hapa mbele ya kioo, siwezi.

Kuna jambo jingine. Leo asubuhi Baba Kidoti kanijia na mimi. Si bandani, bandani yupo Mzee Bomba na uzi wake, anafika kabla yangu. Kanijia chumbani, nikiwa nasogeza kitanda kiguse ukuta. Alisimama dirishani akakitazama, akasema hiki ni kipana mno kwa mtu mmoja na mtoto. Nikamwambia tutajinyoosha. Akasema, na huyo mtoto kutwa atashinda na nani ukiwa kazini? Nikamwambia nitaona. Akasema, utaona nini, mama yangu yupo. Nikamwambia mama yako hawezi kuiacha nyumba yake, kuna mlango, kuna kiti, kuna wewe unayekuja. Akasema huko yeye haendi tena, njia ni ndefu na mbwa ameanza kumbwekea.

Nikamwambia basi nenda ukamwambie mwenyewe aje tukae naye. Akasema niandike mimi, maana yeye akija utambishia.

Mama Kidoti